Kosa la Chapa

Mzee Nukta alikuwa na miaka thelathini na mbili katika kazi ya uchapaji, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia karatasi kwa kosa la herufi. Jina hilo walimpa wateja wenyewe, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutoka mbio dukani, kalamu nyekundu sikioni, amsimamishe mtu aliyekwisha kulipa na kuondoka, amuulize kama sentensi yake ya mwisho imekosa nukta kwa makusudi au kwa kusahau. Kusoma alijifunza mwenyewe, kwa kupanga herufi za risasi kinyumenyume katika karakana ya tajiri wake wa kwanza. Huenda ndiyo maana hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alizoea kuona mambo yakiwa kinyume mpaka yachapwe.

Sasa binti yake wa pekee, muuguzi, alikuwa anaolewa. Bwana harusi alikuwa fundi umeme, kijana mtulivu, asiye na kasoro ila kwamba alikuwa Mkatoliki, na nyumba ya Mzee Nukta ilikuwa ya Kilutheri tangu enzi za babu. Neno "kasoro" lilikuwa la mke wa Mzee Nukta. Upande wa pili nao walikuwa na neno lao, ila walilisema wakiwa peke yao.

Padre na mchungaji hawakuwapa watu kazi. Walikutana mara moja, wakanywa chai, wakagundua kwamba shuleni waliwahi kucheza mpira timu moja, na baada ya nusu saa walikuwa wamemaliza mambo ambayo wakubwa wao walikuwa wameshindwa kuyamaliza kwa miaka mia tano. Harusi itakuwa parokiani, mchungaji atahubiri, padre atafungisha ndoa, kwaya mbili zitaimba kwa zamu. "Imani ni moja," walisema, wakaziachia familia mambo madogo.

Mambo madogo yalikuwa karatasi moja ya ratiba ya ibada, ya kukunjwa katikati.

Maandishi ya upande wa bwana harusi yaliletwa na shangazi yake, kiongozi wa kwaya, mwanamke mrefu ambaye hata akikusalimia unajihisi umekosea noti. Mzee Nukta aliyapitia mstari kwa mstari. Alipofika kwenye Sala ya Bwana, kalamu ikasimama. Mwishoni palikuwa pameandikwa "utuopoe". Akatikisa kichwa kwa huruma. Aliyechapa hapa kidole kimemteleza, alisema moyoni. Akafuta p, akaweka k, ikawa "utuokoe", kama alivyosali tangu utoto. Misa alikuwa ameihudhuria mara mbili tu maishani, zote za mazishi, na zote alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wala hakumwambia mtu. Kwake yeye, kosa la mwenzio unalisahihisha kimya kimya. Hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Jumatatu Shangazi akaja kuiona sampuli. Aliisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"P yetu imekwenda wapi?" akauliza.

"P ipi, Shangazi?"

"Ya kwenye utuopoe."

"Aa, hiyo nimeirekebisha. Lilikuwa kosa la chapa."

Shangazi akaiweka karatasi juu ya kaunta polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Kosa la chapa. Kwa hiyo marehemu mama yangu alisali kosa la chapa miaka sabini na minane?"

Mzee Nukta akaichomoa kalamu sikioni, akairudisha. Mkewe, aliyekuwa akikunja bahasha nyuma ya kaunta, akaona asimwache mumewe peke yake.

"Lakini dada yangu, kuopoa si ni kwa ndoo iliyotumbukia kisimani?"

"Ndiyo. Wewe hujatumbukia hata siku moja?"

"Sisi tumeokoka."

"Tunawaona," alisema Shangazi, akachukua mkoba wake.

Mpaka jioni habari zilikuwa zimezizunguka koo mbili, zikiongezewa chumvi kila nyumba. Kwa kina bibi harusi ilisemwa kwamba Wakatoliki wanataka kuwafanya watu ndoo. Kwa kina bwana harusi ilisemwa kwamba kuna mchapaji amemsahihisha Bwana Yesu kwa kalamu nyekundu. Wajomba watatu wa bibi harusi wakaapa hawakanyagi parokiani. Ajabu ni kwamba Baba Mtakatifu hakutajwa, Bikira Maria hakutajwa. Kwa hayo kila upande ulikuwa umejiandaa vilivyo, hoja ziko mezani, lakini hayakupata nafasi.

Jumanne binti yake akapita dukani akitoka zamu, bado na sare ya kazi.

"Baba, mwisho kesho saa kumi jioni. Kama karatasi haijakubaliwa na pande zote, Alhamisi asubuhi sisi tunakwenda kwa msajili wa ndoa. Mashahidi wawili, sahihi, basi. Mchana nina zamu."

"Na mimi je?"

"Wewe utatusomea cheti, kama kina makosa."

Alisema kwa mzaha, lakini macho yalikuwa mekundu. Mzee Nukta alikuwa na haja moja tu katika harusi ile: kutembea na mwanawe kutoka mlangoni hadi madhabahuni, mkono wake ukiwa umeshikwa. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, na kwa mwezi mzima alikuwa akilifanyia mazoezi ukumbini, akihesabu hatua. Kwa msajili hakuna mlango wa kutoka wala madhabahu ya kwendea. Kuna kiti.

Asubuhi ya Jumatano alikwenda kwa Shangazi, akavua kofia. "Niliigusa kazi isiyo yangu," alisema. "Naomba radhi."

"Kwa hiyo p inarudi?"

"Ikirudi, shemeji zangu hawaji. Isiporudi, nyinyi hamji. Nitachapa kichwa cha sala peke yake. Maneno kila mtu anayo."

Shangazi akamwashiria avae kofia yake. "Hapo sawa," alisema.

Akachapa "Sala ya Bwana: wote pamoja", na chini yake akaacha nafasi nyeupe. Hakuwa amewahi kumkabidhi mteja kazi yenye pengo. Saa tisa na nusu pande zote zilikuwa zimekubali.

Lakini moyo haukumtulia. Ijumaa akamwambia mkewe, "Tunakwenda kwenye nyumba yao. Tuseme kama wanavyosema wao."

Mkewe akaitikia. "Sawa. Waone wenyewe nani ana upendo zaidi." Akashika simu, akawaagiza ndugu wote, pamoja na wale wajomba watatu. Mzee Nukta alinyoa ndevu akinong'ona "utuopoe, utuopoe", na akajikata mara mbili.

Jumamosi alitembea. Hatua arubaini na moja, mkono wa binti yake ndani ya wake, goti likamtii. Mchungaji alihubiri kifupi, padre akafungisha ndoa, kwaya zikaimba bila kushindana sana. Kisha wote wakasimama kwa Sala ya Bwana. Walikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Hapo upande wa kushoto, Walutheri wote kwa sauti moja, wakasema "utuopoe". Na upande wa kulia, Wakatoliki wote, Shangazi akiwa mbele yao, wakasema "utuokoe".

Pande mbili zikatazamana kwa uchungu wa mtu ambaye zawadi yake imekataliwa. Padre alikuwa amesema la mchungaji, mchungaji la padre, na sasa kila mmoja alikuwa akichunguza viatu vyake. Mabega ya bibi harusi yalikuwa yakitikisika. Waliokaa nyuma walidhani analia. Ndipo ikaja "Amina". Ilitoka mahali pote kwa wakati mmoja, bila mtu kuagizwa, na Mzee Nukta, aliyezoea kuangalia kila herufi, hakuona mahali pa kuitenganisha.

Nje, Shangazi alimfuata moja kwa moja.

"Mkwe, mmetuaibisha. Sisi tulijiandaa kuwapisha nyinyi."

"Na sisi tuliwapisha nyinyi."

"Nani aliwaomba mtupishe? Sisi ndio wenyeji!"

"Na sisi ndio wageni. Mgeni ndiye anayepisha."

"Mimi niliwafundisha kwaya nzima siku mbili!"

"Mimi nimejikata hapa, ona."

Shangazi akakitazama kidevu chake, akatoa leso, akampa. Bibi harusi, aliyekuwa akisubiriwa garini, akarudi huku ameshika gauni lake juu ya vumbi.

"Baba! Mmeanza kugombana tena?"

"Hapana, mwanangu," alisema Mzee Nukta, leso kidevuni. "Tunapishana tu."