Mara Kumi na Mbili

Fundi saa aliingia dukani akijua anachotaka: darubini kubwa kuliko zote. Miaka arobaini alikuwa amefanya kazi na kioo kilichobanwa jichoni, na katika kazi hiyo kioo kikali ndicho humtenga fundi na mbabaishaji. Majirani walikuwa wamemwalika waende naye bwawani kutazama ndege, naye hakuwa tayari kutokea na kitu cha kitoto.

Aliyemleta ni binti yake. Mwaka mzima binti huyo alikuwa amembembeleza afunge kibanda chake cha saa apumzike, naye mwaka mzima alikuwa akijibu kwamba mkono wake ni ule ule. Aliogopa kufunga, huo ndio ukweli. Bila kibanda angebaki mzee wa kuota jua tu.

Muuzaji, mama mmoja mpole, alimshauri achukue inayokuza mara nane. Ni nyepesi, alisema, inaonyesha eneo pana, na ndege akiruka humpotezi. Fundi akamjibu kwamba yeye si mgeni wa vioo. Akachukua ya mara kumi na mbili, nzito kama tofali, akaielekeza nje ya mlango, kwenye waya wa umeme alikotua chiriku.

Chiriku alicheza. Waya nao ulicheza. Fundi akasema kioo kimelegea, akaomba nyingine. Ya pili nayo ikawa vile vile. Aliigeuzageuza akitafuta kasoro kwa ncha ya kidole, jinsi anavyokagua saa ya mteja, asiione.

"Kioo ni kizima, mzee," muuzaji alisema. "Kikimkuza ndege mara kumi na mbili, na mtetemo wa mkono kinaukuza hivyo hivyo."

Fundi aliitazama mikono yake. Aliona aibu, kisha hasira, na hasira ikatafuta mtu.

"Wewe ulijua?" alimwuliza binti yake.

"Nilijua, baba. Ningekwambia mimi, ungebisha. Kioo hukibishii."

Hakubisha. Alipokea ile ndogo, akaegemeza viwiko kwenye meza ya duka, akatazama. Chiriku alikuwa ametulia juu ya waya, akichokoa unyoya mmoja kifuani. Mzee alimtazama muda mrefu.

"Wapigie simu wenye saa zao," alisema, darubini ikiwa bado usoni. "Waje wazichukue kabla sijaziharibu."