Fundi wa Minara Anaogopa Ndege

Kazi yangu ni kupanda minara ya simu. Nafunga antena, nakaza bolti, nashuka, nakula. Huko juu napiga hadi mluzi. Lakini ndege? Siitaki hata kuisikia. Watu wakijua wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke. Mnarani nashika chuma kwa mikono yangu. Kwenye ndege nashika nini?

Sasa mchumba wangu ni nesi, kapata kazi ng'ambo. Akanitumia tiketi. Nikafika uwanjani, nikauona mlango wa ndege, nikageuka. Akanipigia.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

"Sikia mpenzi. Nasogeza tiketi mpaka mwisho wa mwezi. Usipotokea, pete yako naituma kwa posta."

Huyo hatanii. Lakini ndiye aliyenitafutia daktari wa woga, dada mmoja anayetibu watu kwa video ya simu. Kidonge hakuna. Unatazama ndege, unasikiliza kelele zake, woga unapanda, na wewe hukimbii. Unakaa nao mpaka uchoke wenyewe.

Akaanza na video ya ndege inayopaa. "Woga wako ni ngapi, sifuri mpaka kumi?"

"Sifuri."

Sisi wa minara ndivyo tulivyo. Asubuhi msimamizi akikuuliza kama uko sawa, ukisita tu, umebaki chini unawavutia wenzako kamba. Kwa hiyo nikawa wa sifuri. Ndege ikayumba, sifuri. Ikaingia mawinguni, sifuri. Daktari akafurahi, "Wewe kaka mwepesi kweli!" Nami nikajiona bingwa.

Mpaka siku simu ilipoteleza ikaanguka. Nikainama kuiokota, mkono haufiki. Na kamera iko wazi, inaniangalia kutoka sakafuni.

"Kaka, hicho kiunoni ni nini?"

"Mkanda."

"Wa suruali?"

"Wa kazi."

"Na hiyo kamba inaenda wapi?"

Ikabidi niseme. Kila tulipokutana nilikuwa nimevaa mkanda wa mnarani, kamba na ndoano yake, nimejifunga kwenye nondo za dirisha. Niko kwenye kochi, sebuleni, chumba cha chini kabisa!

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akawa mkali. "Ndiyo maana hatuendi popote. Unanidanganya, na umejifunga. Fungua."

"Nikianguka je?"

"Utaangukia zulia. Fungua, bwana!"

Nikafungua. Akaweka video ileile. Ndege ilipoinua pua, viganja vikalowa.

"Ngapi?"

"Tisa."

"Haya, sasa tumeanza kazi."

Tukairudia hiyo video mpaka nikapiga miayo. Tukaenda kwenye ya mvua, ya radi, ya kutua kwa kishindo. Hata kazini, wenzangu wakipumzika, mimi nimevaa spika za masikioni, nasikiliza kelele za injini. Wakanibatiza Rubani.

Siku ikafika. Nikapita ule mlango, nikakaa. Ndege ikaanza kukimbia. Mama mmoja pembeni yangu akageuka.

"Mwanangu, mbona unatetemeka?"

Sikuwahi kulisema hilo neno mbele ya mtu nisiyemjua. "Naogopa, mama."

"Hata mimi. Lete mkono."

Tukashikana. Woga ukapanda, sikuufanya lolote. Ulipochoka ukashuka. Chai ilipokuja niliomba na biskuti za mama, maana alikuwa hazitaki.

Tulipotua nikatoka na begi langu mkono mmoja, la mama mkono wa pili. Mchumba wangu alikuwa kwenye kizuizi, pete kidoleni, macho yamejaa machozi. Hata hajanikumbatia, mama akanitangulia.

"Wewe ndiye mwenye huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Mchukue. Amenivunja vidole na amemaliza biskuti zangu."