Kepteni wa Mguu wa Shaba

Mwanajeshi gani hali, halali, hajawahi kulipwa mshahara, na vita vyake vyote alipigana chini ya kitanda?

Hicho ndicho kitendawili alichokuwa akitega Bi Mafumbo kila mgeni alipoingia kunyolewa. Mgeni akishindwa, bibi hakumpa jibu kwa mdomo, humwonyesha tu kwa kidevu. Pale juu ya kioo, kutoka ukuta hadi ukuta, palikuwa na rafu, na juu ya rafu walisimama mashujaa wa plastiki arobaini na mmoja, kila mmoja urefu wa kiganja: wenye kofia za chuma, wenye majoho, wenye panga, na mmoja aliyebaki na sikio moja kwa sababu ya panya.

Bi Mafumbo alikuwa mama mzazi wa kinyozi. Alishona nguo za watu mpaka macho yakamwomba ruhusa ya kupumzika, na sasa kazi yake dukani kwa mwanawe ilikuwa kufua taulo, kufagia nywele na kuongea. Kinyozi naye alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mwenye mke na watoto wawili, na bado akimwona shujaa wa zamani kwenye lundo la vitu vilivyochakaa, mapigo ya moyo yalimwenda mbio kama bwana harusi. Mke wake alikwisha kusema kwamba nyumbani wasiingie, ndiyo maana jeshi lote lilihamia dukani.

Wala si yeye peke yake mwenye ugonjwa huo. Mwenye duka la simenti, mtu ambaye wafanyakazi wake wakimwona hutupa sigara, siku moja aliomba ashushiwe yule mwenye ngao. Akamkunja mkono, akaukunjua. Mkono ukalia krik. Machozi yakamlengalenga mzee mzima, halafu akasingizia poda. Bi Mafumbo aliyaona mengi ya namna hiyo, akaelewa kwamba wanaume hawa hawakupenda plastiki. Walipenda ile sakafu ya sebule waliyolalia kifudifudi, na sauti ya mama ikiita kutoka jikoni, enzi ambazo shida kubwa kuliko zote duniani ilikuwa kwenda kuoga.

Kitu kimoja tu hakukielewa. Kulikuwa na shujaa aliyekaa ndani ya boksi lake tangu kiwandani, hajafunguliwa hata siku moja, na wajuzi walisema huyo ndiye mwenye thamani kuliko wote. Bi Mafumbo alisema huko ni kununua godoro ukalala sakafuni ili lisichakae.

Katikati ya rafu paliachwa nafasi tupu, upana wa vidole vinne. Hapo hakuwekwa mtu. Palikuwa pa Kepteni.

Kila mteja aliijua habari ya Kepteni, akitaka asitake, maana mtu aliyeshikiwa wembe shingoni hana pa kwenda. Kepteni alikuwa shujaa wa kwanza wa kinyozi, aliletwa na baba yake. Baba alikuwa fundi wa simu, wale wa kupanda nguzo. Jioni moja alirudi kazini, akamkanyaga Kepteni kwa buti, mguu ukakatika gotini. Mtoto alilia mpaka akapata kwikwi. Baba akafungua mkoba wake, akatoa waya mwembamba wa simu, shaba tupu ndani ya ganda jekundu, akaupitisha pajani, akauzungusha gotini mara tatu, akaukaza kwa koleo. Kepteni akasimama tena, akichechemea kidogo, na mtoto akampenda maradufu. Miaka michache baadaye baba akafariki.

Mama na mwana wakahama nyumba kubwa wakaenda chumba kimoja. Kijana wakati huo yuko shule ya bweni. Hapo ndipo kinyozi alipofika kila siku kwenye mstari wake wa mwisho: "Mkokoteni uliondoka na masanduku saba, ukafika na sita."

Mwenye mkokoteni hakuwa mtu wa mbali. Aliitwa Mzee Gurudumu, na mpaka leo alipita mbele ya duka karibu kila asubuhi na mizigo ya watu. Hajawahi kuingia. Alikwenda kunyolewa kwa mwingine, mitaa miwili mbele, na akikutana na kinyozi barabarani walipeana salamu nyembamba kama uzi. Watu waliokwisha kusikia hadithi walimtazama mzee yule kwa jicho la pembeni, na wengine wakiwa na vitu vyao vizuri vya kuhamisha walitafuta mkokoteni mwingine.

Na kila hadithi ilipofika kwenye yale masanduku saba, Bi Mafumbo alishika ufagio, hata kama sakafu ilikuwa safi.

Kwa sababu masanduku yalifika sita kwa amri yake. La saba alimpa Mzee Gurudumu kwa mikono yake, akamwambia alipeleke shule ya chekechea, watoto wakalichezee. Kijana alikwisha kuvunja sauti, alijiambia, ana ndevu tatu kidevuni, wanasesere wa nini? Lakini kijana aliporudi likizo, kitu cha kwanza alichotafuta ni sanduku lile. Mama alipoona uso wake, maneno yakamkauka. Akasema labda limepotea katika kuhama. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi yule wa mkokoteni." Mama hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Akanyamaza. Na kunyamaza nako ni kusema, tena kwa sauti kubwa.

Miaka ishirini na saba ikapita hivyo.

Sasa, asubuhi moja, kinyozi yuko katikati ya kichwa cha mwalimu wa hesabu, mashine ikakata kauli. Soketi ilitoa moshi, taa zikazima. Nusu ya kichwa cha mwalimu ilikuwa tayari, nusu bado msitu. Kinyozi akaulizia fundi wa umeme kwa majirani, wakamwelekeza kwa dada mmoja aliyehamia karibuni. Akaja, suruali ya mifuko mingi, penseli sikioni. Akamwamkia Bi Mafumbo kwa adabu, akamtazama mwalimu, akajikaza asicheke.

Kabla hajagusa kitu alizima swichi kuu mlangoni. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa kazi, akatoa mtu mdogo wa plastiki, akamketisha juu ya swichi ile, miguu ikining'inia. Akawaeleza kwamba ni desturi yake ya kazi. Karatasi ya onyo watu hawaisomi, lakini mtu akitaka kuwasha na kumkuta huyu amekaa pale, lazima aulize kwanza, na kwa kuulizwa huko yeye fundi anabaki hai. Akapanda ngazi, akaanza kufumua nyaya.

Kinyozi alisogea karibu na swichi. Alikuwa anautazama mguu. Rangi ya ndevu za mtu yule ilikwisha kufutika, mkanda umepauka, lakini gotini kulikuwa na waya, mizunguko mitatu, shaba ikichungulia kwenye ganda jekundu.

Akauliza polepole amempata wapi. Dada akasema ni wake tangu utotoni. Akaulizwa yeye ni binti wa nani, akasema bila wasiwasi kwamba ni binti wa Mzee Gurudumu.

Mwalimu wa hesabu, ambaye hadithi ile alikwisha kuisikia mara nane, akafumba macho.

"Kumbe," alisema kinyozi. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza sanduku la saba lilikwenda wapi. Kumbe lilikwenda kulea mtoto wa mwizi."

Dada akashuka ngazi. Hakupaza sauti. "Kaka, mimi nimekuja kwa ajili ya waya. Mimi nitukane ukitaka, lakini baba yangu mwache."

Akaeleza kwamba alimkuta Kepteni chekechea, ndani ya sanduku la vitu vya kuchezea, na siku ya kumaliza alimng'ang'ania mpaka mwalimu wa pale akakubali aende naye. Kinyozi akamwuliza na huko chekechea alifikaje, au aliota kwenye bustani kama mchicha? Dada angejuaje mambo ya wakati huo? Alikuwa na miaka mitano.

Akaanza kukusanya vifaa vyake, koleo, bisibisi, utepe. Nyaya zilikuwa bado zinaning'inia ukutani kama utumbo. Mwisho akamchukua Kepteni kwenye swichi, akamtazama kidogo, akamweka kwenye kiganja cha kinyozi.

"Mchukue. Ila niambie nikifika nyumbani nimwambie nini baba. Ana miaka sabini na mmoja."

Bi Mafumbo alikuwa ameshika ufagio. Sakafu ilikuwa na nywele za kutosha, angeweza kufagia mpaka yule binti atoke, na mambo yangebaki kama yalivyokuwa jana na juzi. Aliuona mlango, akaona mgongo wa binti ukiuelekea. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Mwambie mama yake kinyozi amekiri," alisema. "Mwambie aliyelipakia sanduku lile ni mimi, na aliyemwelekeza njia ni mimi."

Bi Mafumbo akaendelea, sasa akimtazama mwanawe, akayatoa yote kama mtu anayefumua mshono wa zamani: chumba kimoja, chekechea, likizo, na lile labda aliloliacha likue mpaka likawa uwongo.

"Mbona ulimtoa hata yeye?" kinyozi aliuliza, kiganja kimefunguka. "Wale wengine sawa. Lakini huyu?"

"Kwa sababu ya huo waya, mwanangu. Kila nikifagia chini ya kitanda nauona. Nikiuona, naiona mikono ya baba yako ikiukaza. Nilikuwa na nguvu za kumzika mara moja, sikuwa na nguvu za kumzika kila asubuhi."

Kinyozi akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hajawahi kukaa tangu afungue duka.

"Ungeniambia baadaye."

"Mwaka wa kwanza niliogopa utalia. Wa pili niliogopa utaniuliza kwa nini sikusema ule wa kwanza. Baada ya hapo nikawa naongeza miaka tu, kama mtu anayeweka viraka juu ya viraka, mpaka nguo yenyewe haionekani."

Mwalimu wa hesabu akajikohoza, akasema wasijali, yeye atasubiri tu, maana kwa kichwa kile hawezi kwenda popote. Dada akashindwa, akacheka puani. Ndipo akakumbuka kitu. Alisema alipokuwa mdogo alimwuliza baba yake ule waya ni wa nini. Baba akamjibu kwamba ni waya wa simu, humo hupita sauti za watu. Basi akawa anamweka Kepteni sikioni kila usiku kabla ya kulala, asikie. Hakusikia kitu, lakini ndiyo sababu alitaka kujua kilichomo ndani ya nyaya, na ndiyo sababu leo yuko hapa na bisibisi.

Kinyozi akamgeuza Kepteni, akakipitisha kidole gumba kwenye ile mizunguko mitatu. Mjuzi yeyote wa vitu hivi angemwambia kwamba mwanasesere mwenye mguu wa waya na uso uliofutika hana thamani. Akasimama. Hakwenda kwenye rafu. Alikwenda mlangoni, akamketisha Kepteni juu ya swichi kuu, miguu ikining'inia.

"Kazi haijaisha, dada. Mwache amalize zamu yake. Na lile neno nililosema, ninalimeza. Nisamehe."

Umeme uliporudi, alimaliza nusu ya pili ya mwalimu, akavua koti lake jeupe, akataka kutoka peke yake. Bi Mafumbo akamzuia. Kosa lilikuwa lake, hakutaka mtu amtangulie kuliungama. Wakaenda pamoja, na dada akawafuata nyuma.

Walimkuta Mzee Gurudumu akijaza upepo kwenye tairi la mkokoteni. Akawasikiliza wote wawili bila kuacha pampu. Bi Mafumbo alipomwuliza kwa nini hakujitetea hata mara moja, alipangusa mikono kwenye suruali.

"Mchukuzi hatangazi mzigo wa mtu, bibi. Leo nikisema wako, kesho nani atanipa wake? Mwenye mzigo ndiye hujua wapi autue."

"Nimekuchelewesha nao."

"Umenichelewesha, kweli," alisema mzee. Hakusema si neno, wala hakusema limekwisha. Alimtazama kwa muda mrefu, halafu akamgeukia kinyozi. "Wewe nasikia umelelewa kwa vitendawili. Kitu gani ukikibeba wewe, anayechoka ni mwenzio?"

Kinyozi alilijua jibu: siri. Lilikuwa limesimama ubavuni mwake, limevaa kanga ya mama yake. Lakini alitikisa kichwa.

"Sijui, mzee."

"Umeshindwa. Nipe mji."

Alipokuwa mtoto, Bi Mafumbo akimwambia hivyo alitoa miji yote aliyofundishwa darasani, na alipoishiwa akatoa ya kutunga, ilimradi asitoe Kepteni. Sasa alifikiri kidogo.

"Chukua kiti changu," alisema. "Kile cha mbele ya kioo. Ni chako kila ukitaka kunyolewa, mpaka nywele zenyewe zikukimbie."

Mzee Gurudumu akajishika kidevuni, akapapasa ndevu za siku tatu. Akasukuma mkokoteni wake mpaka mbele ya duka, akaufunga kwa kamba kwenye nguzo, na kwa mara ya kwanza akavuka kile kizingiti. Bi Mafumbo alimtandikia taulo mwenyewe, lile jipya. Mzee akaegemea nyuma, macho yakaenda juu kwenye rafu, yakalikuta jeshi zima, yakasimama kwenye ile nafasi tupu.

"Hapo pana pengo," alisema.

"Mwenyewe yuko kazini," kinyozi akamjibu, akaanza kupaka povu.