Wekundu wa Ziwa Conn

Asubuhi ya tatu ya msako, mzee Sonny Munnelly alipiga makasia hadi kwenye ghuba iliyo chini ya mlima Nephin, na Attracta, binti wa dada yake, akazivuta nyavu. Samaki wawili tu aina ya trauti, basi.

"Mjomba, una hakika ni hapa? Au umenileta kwenye beseni?"

"We samaki umewajua kwenye chupa huko Dublin, leo unifundishe ziwa? Novemba kama hii baba alikuwa akinileta hapa hapa. Samaki wa matumbo mekundu, ungedhani maji yameshika moto!"

Attracta alikuwa ametumwa na idara ya uvuvi kuwatafuta hao wekundu, samaki walioingia ziwani barafu ya kale ilipoyeyuka na wasitoke tena. Mwaka ule wa njaa, zamani za mababu, viazi vilipooza nchi nzima, samaki hao ndio waliowavusha kina Munnelly. Majirani wasio na mashua walizikwa bila sanda.

Attracta akazamisha mkono hadi begani, akaibuka na jiwe. Lilikuwa na utelezi wa kijani, linanuka.

"Mayai wanayotaga kwenye mawe hayapumui kwenye uchafu huu. Kijito kinachoingia hapa kinapita kwa nani, Mjomba?"

Sonny aliinamia makasia yake. Alijua. Alijua tangu maji yalipoanza kutoa povu, akajipa moyo kwamba ziwa ni kubwa.

"Kwangu."

"Nguruwe wangapi siku hizi?"

"Mia nne."

Alingoja atukanwe; afadhali angetukanwa. Attracta aliandika tu, kisha akafunga daftari.

"Nikiwauza wote kesho," Sonny akasema, "hawa wekundu watarudi?"

"Watoke wapi, Mjomba? Wa hapa walikuwa wa hapa tu."

Mashua ikarudi ufukweni. Sonny alimkaribisha chai. Attracta akasema ana safari ndefu, akaondoka.

Nyumbani nguruwe walikuwa wakipiga kelele za njaa, na shimo la samadi limejaa hadi ukingoni. Sonny akawalisha, angefanyaje? Kesho yake akafunga tangi nyuma ya trekta, akaenda kuimwaga samadi shamba la juu kabisa, mbali na kijito kadiri alivyoweza. Adhuhuri mvua ikashuka, ile ya huku Mayo isiyojua kukoma. Sonny akasimama mlangoni na kofia mkononi, akiyatazama maji ya kahawia yakiteremka mtaroni kutoka shamba la juu kuelekea ziwani.