Mtu wa Kunyimwa Kura

Mji wetu wa Dolyna haujawahi kuhama. Uko palepale kwenye nyanda za ngano za Kanada: maghala mawili ya nafaka, kanisa la Waukraine, ukumbi, na watu mia sita na kumi na mmoja. Lakini katika maisha yangu tumekaa majimbo manne ya uchaguzi bila kunyanyua hata kiti. Kila miaka kumi tume ya mipaka ya mkoa huketi na ramani, huhesabu watu, hugundua kuna jimbo limepungukiwa na vichwa mia sita hivi, kisha macho yao huzunguka mpaka yatue kwetu. Sisi ni kiraka. Popote panapotoboka, tunashonewa.

Mimi ni karani wa mji, na kazi ya karani ni kukumbuka. Mbunge wa jimbo la kwanza alituahidi lami. Kabla hatujamuuliza iko wapi, mstari wa mpaka ukahama. Wa pili aliapa shule yetu haitafungwa. Ikafungwa, na mstari ukahama. Tulipompigia simu, msaidizi wake alijibu kwa adabu, "Samahani sana, ninyi si wa kwetu tena." Tukampigia mbunge mpya, naye akasema, "Samahani sana, mimi sikuahidi kitu." Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema inakuwaje mdai akihamishiwa jimbo jingine.

Huyu wa sasa ni Curtis Lindgren. Alisimama ukumbini kwetu, akala, akafuta mdomo, akasema chumba cha dharura cha hospitali yetu hakitafungwa yeye akiwa hai. Miezi kumi na minne baadaye kikafungwa, na yeye yu hai, mashavu yamejaa. Februari iliyofuata Walter Petryshen alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa anaondoa theluji mlangoni. Hospitali ya jijini, ndiyo ya karibu iliyobaki, iko kilomita tisini na mbili. Walter hakufika.

Mjane wake, Marusia, ana miaka sabini na minne. Hakulia mbele ya watu. Alikuja ofisini kwangu na swali moja.

"Lorne, uchaguzi lini?"

"Mwaka ujao, Oktoba."

"Vizuri. Nataka kumnyima Curtis kura kwa mkono wangu huuhuu."

Wiki tatu baadaye ramani mpya ya tume ikaja kwa posta. Dolyna tulikuwa tumesukumwa jimbo la kaskazini, na Lindgren amebaki na lake la kusini. Mimi mwenyewe nilimpelekea Marusia ile ramani.

"Kwa hiyo mwaka ujao nitamnyima nani kura?"

"Mbunge wa kaskazini. Hujawahi hata kumwona."

"Kanikosea nini?"

"Hajakukosea kitu, mama."

"Maskini," akasema, akanirudishia ramani.

Tume ilikuwa na siku ya kusikiliza wananchi, nami kwa kujiona mjanja nikaipanga Jumapili ya karamu yetu ya vuli. Nilitaka washibe kwanza bata mzinga na pyrohy, vile vitumbua vyetu vya Kiukraine vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, halafu wasemwe wakiwa hawawezi kukimbia. Wasemaji tisa waliandikisha majina. Kila asubuhi pale dukani kwenye meza ya kahawa walifanya mazoezi, na mkali wao alikuwa Orest Kowbel, mkulima.

"Nitawaambia sisi si magunia ya mbegu, leo unapakia kesho unapakua!" aliunguruma. "Watarudi kwao wanalia hao!"

Nilisahau jinsi watu wangu walivyo. Huku, hata kama mvua ya mawe imelala juu ya shamba lako lote, mtu akikuuliza hali unasema, "Siwezi kulalamika." Na mgeni aliyekula mezani kwako haambiwi neno kali mpaka avuke kizingiti. Ndivyo tulivyolelewa, na siku ile malezi yalitumaliza.

Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu aitwaye Hargrave, alikula sahani mbili, akawasifu wapishi, akafungua faili. Akamwita Orest. Orest alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Kwanza karibuni sana. Chakula mmepata?"

"Tumeshiba, Bwana Kowbel, asante."

"Basi... eeh. Mambo si mabaya."

"Na kuhusu mstari tunaopendekeza?"

"Tumeshaona mibaya zaidi," akasema Orest, akaketi. Mkewe, Olga, alimtazama kama mtu anayetazama paa linalovuja.

Wa pili hakuwa na la kulalamika. Wa tatu alisema mavuno yalikuwa ya wastani. Kufika wa tano, mwandishi wa tume alikuwa ameweka kalamu chini, na wa saba aliomba radhi kwa kuwapotezea wageni muda. Watu wazima, wenye matrekta makubwa kama nyumba, wameshindwa na sahani ya viazi!

Wa tisa alikuwa Marusia. Alitoka jikoni na aproni imelowa.

"Mama Petryshen, una maoni?" jaji akauliza.

"Ninayo. Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Afadhali, maana ningeyasema mapema usingekula." Akajifuta mikono. "Curtis Lindgren alisimama hapo ulipo wewe, akatuahidi chumba cha dharura. Wamekifunga. Mume wangu amefia barabarani. Mimi sina wakili, sina gazeti. Nina kura moja kila miaka minne, na ninyi mnataka kuipeleka kwa mtu ambaye hajanifanyia ubaya wowote. Siombi jimbo zuri, bwana jaji. Niacheni kwenye hilihili bovu mara moja tu, nimalizane naye."

Orest aliinamia sahani yake tupu. Kisha Olga akasimama akasema, "Na mimi." Nyuma yake mwingine, na mwingine. Mwisho hata Orest alinyanyuka. "Na mimi, kama haiwasumbui," akasema.

Machi, ripoti ya mwisho ikatoka. Dolyna ilibaki kusini. Walikuwa wamepata kiraka kingine, kijiji cha watu mia tano themanini upande wa mashariki, ambao bila shaka walisema hawawezi kulalamika. Marusia alioka mkate akanigawia nusu. Sijawahi kuona mtu anaisubiri Oktoba kwa hamu namna ile.

Juni, Curtis Lindgren akatangaza kuwa anagombea kaskazini. Ana nyumba ziwani huko, alisema, na moyo wake umekuwa huko siku zote. Tulipigana mwaka mzima mstari usihame, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu ana miguu.

Nilimkuta Marusia bustanini akivuna njegere. Nilipomwambia, aliweka bakuli chini akalia, mbele yangu, bila kujificha uso. Nami nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Septemba chama cha Lindgren kikatuletea mgombea mpya, Tyler Brandvold, miaka ishirini na tisa, viatu havijakanyaga tope. Alibisha hodi kwa Marusia nikiwa pale nimempelekea barua za mji.

"Mnaendeleaje hapa, mama? Nimesikia mna kero ya hospitali. Mimi sikuwepo wakati ule, lakini..."

"Najua hukuwepo. Una muda?"

"Kwa ajili yako, mama, upo."

"Ingia kwenye pikapu. Lorne, nawe ingia."

Marusia akashika barabara ya jijini, mwendo wa kawaida. Kilomita ishirini za kwanza kijana alizungumza: mipango, kamati, utafiti. Kufika thelathini akanyamaza. Kufika hamsini akaanza kutazama saa. Mbele kidogo ya sitini Marusia alisimamisha gari pembeni. Palikuwa na mabua ya shayiri pande zote mbili na upepo, basi.

"Hapa," akasema. "Walter alifika hapa."

Kijana alivua kofia. Nilianza kumpenda kidogo. Kisha akageuka.

"Mama, nakuahidi..."

"Usiniahidi." Akatia gia. "Hospitali bado. Kaa uone."

Tulifika baada ya dakika ishirini na mbili.