Mpaka Macho Yazoee Giza

Hivi wewe, unaweza kumwahidi mtu jina la kiumbe ambacho hukukitafuta, hukukilea, wala hujui kinakula nini? Basi mkwe wangu anaweza.

Nianze na friji, maana habari yote ilitoka humo. Taa yake ya ndani iliungua, na mkwe akasema, "Mama, hiyo niachieni mimi." Nikajua basi tena. Mkwe wangu ni mkuu wa kitengo kwenye maabara ya mambo ya bahari, na hakuna kazi anayoikataa. Ataipokea, ataitangaza, kisha utaikuta palepale ilipokuwa. Mwanangu, yaani mkewe, yuko kitengo hichohicho, chini yake.

Mwanangu alikuwa ameweka ngisi kwenye bakuli la maji ya bahari, jirani na maziwa yangu, jambo ambalo nililisema na sikusikilizwa. Alfajiri moja, mapazia hayajafunguliwa, nikamkuta amechuchumaa mbele ya friji iliyo wazi, anacheka peke yake. Nikadhani ndoa imemshinda.

"Mama, njoo uone."

Yule ngisi alikuwa anang'aa. Buluu iliyopauka, kama moto wa jiko la gesi uliopunguzwa, ila huu hauunguzi.

"Ni bakteria," akaninong'oneza, utadhani watasikia. "Wako wanaowaka."

Toka siku hiyo akawa navyo, hivyo vijidudu. Alinieleza nikiwa namenya viazi, nami si mtu wa kuchoka kusikiliza. Alichovya waya uliochomwa motoni kwenye ute wa ngisi, akauchora juu ya kisahani chenye jeli ya chumvi, vikaota vidoa. Akachagua kidoa kimoja kinachowaka, akakipandikiza kisahani kingine, kisha kingine, mpaka akabaki na ukoo mmoja usio na mgeni ndani yake. Halafu akaanza kuuchunguza ukoo huo kama watu wanavyomchunguza mchumba. Sukari hii kijidudu kiliila, ile kikaisusa. Joto la mwili wa mtu kilishindwa nalo. Maji yasiyo na chumvi yalikipasua. Mwisho akasoma vinasaba vyake, akavilinganisha na vya jamaa zake wote wanaojulikana. Undugu ulionekana, lakini wa mbali, ule wa kukutana msibani tu.

"Mama," akaniambia, "hiki hakijawahi kupewa jina na mtu yeyote."

"Wewe unataka kiitweje?"

"Lolote tu, mama."

Lolote! Mtoto huyu nilimnyonyesha mwenyewe, na hiyo lolote sijui aliinyonya wapi. Kila nilipomuuliza, jibu ni hilohilo, na macho yako kwenye viazi.

Mkwe yeye hakuwa na hiyo lolote. Alianza na "kijidudu chetu", haikupita wiki kikawa "kijidudu changu", kisha nikamsikia kwenye simu akisema "nilipokigundua". Mchango wake, ukiuliza, ni ile taa ya friji ambayo hakuibadilisha. Jioni moja akaweka mkono kifuani, akaniambia, "Mama, nimeamua. Kitaitwa kwa jina lako." Nikafurahi, sisemi uongo. Nilianza hata kwenda dukani na kiatu kizuri.

Makala ya kukitangaza ilikuwa tayari kutumwa kwenye jarida. Jina la mkwe lilitangulia, likafuata la Mkurugenzi wa maabara, ambaye kijidudu hicho hakukitupia hata jicho. La mwanangu likaja nyuma yao, kama mkia. Pa jina la kijidudu palikuwa bado wazi. Na jambo lenyewe likishachapishwa ndiyo limetoka. Sisi tutaoza, jina litabaki.

Kabla ya kuituma, mkwe akataka kuonyesha. Tukaingia stoo ya maabara, chumba kisicho na dirisha, makatoni mpaka juu, harufu ya spiriti. Tulikuwa mimi, mwanangu, Mkurugenzi mwenye tumbo na manukato yake, na mjomba wa mkwe aliyemsomesha, ambaye viatu vyake hulia akihema tu. Mkwe alikumbatia chupa ya maji yenye vijidudu, kifuniko amekikaza kwa nguvu zake zote, asiimwagie suti yake.

"Kilegeze," mwanangu akasema. "Vinataka hewa."

"Mama watoto, mbele ya wageni?" Akazima taa. "Wazee wangu, tusubiri kidogo macho yazoee giza."

Kazi hiyo ndivyo ilivyo. Mwanga wake ni mdogo, ukitoka juani huuoni. Lazima ukae gizani kwanza. Na watu wakikaa gizani wasionane nyuso, husema.

"Niseme asante mapema," Mkurugenzi akaanza. "Kiumbe kuitwa kwa jina langu si mchezo. Mke wangu ameshawaambia majirani."

Viatu vya mjomba vikalia. "Jina la nani?"

"Langu, mzee."

"We! Huyu aliniahidi mimi! Wajukuu nimeshawaambia babu yenu anawaka baharini!"

"Basi tuko watatu," nikasema. "Karibuni kwenye ukoo."

Kisha sauti ya mkwe, laini kama sabuni iliyolowa: "Wazee wangu, suala la majina ni la kitaalamu, lina hatua zake..."

"Hatua za kutuzungusha?" Mkurugenzi akauliza. "Na huo mwanga uko wapi?"

"Macho hayajazoea."

"Yangu yamezoea," mjomba akasema, "mpaka wewe nimekuona ulivyo."

Chupa ilikuwa nyeusi tii. Nikamsikia mkwe anaigonga kwa kidole, ko-ko-ko, kama redio iliyoisha betri. Mkuu wa kitengo mzima! Mtu anabisha hodi kwenye chupa.

"Vimekufa?" Mkurugenzi akauliza.

Mwanangu alikuwa karibu yangu. Nilimjua kwa harufu ya sabuni yake. Nikamgusa kiwiko.

"Mwanangu, wewe unataka nini?"

Nilishajiandaa kusikia lolote. Badala yake nikasikia chupa ikinyakuliwa, kifuniko kikakwaruza, kisha maji yakatikiswa, chwa, chwa. Na mwanga ukaja. Ulianzia shingoni mwa chupa ukashuka mpaka chini, buluu ileile ya friji. Nikaviona vidole vyake, kisha kidevu.

"Vilibanwa pumzi," akasema.

"Mnaona!" mkwe akaruka. "Si niliwaambia? Hiki kijidudu changu mimi..."

"Nyamaza kidogo, baba watoto."

Hata mimi nilinyamaza, na hiyo si kawaida yangu. Mwanangu akaitikisa chupa tena, asitutazame, anatazama mwanga tu.

"Nilikipata mimi, nimekilea mimi," akasema. "Nataka jina langu litangulie kwenye makala. Na jina la hiki nitalichagua mwenyewe, na halitakuwa la mtu yeyote aliye humu ndani. Hata lako, mama."