Mkate wa Mwosha Maiti

Mtoto wa jirani alipata homa siku moja baada ya karamu ya kumlaza kwenye susu, na kabla daktari hajafika, mtaa ulikwisha kumpata mwenye kosa. Alikuwa Mwalimu Zulayho, kwa sababu alimpakata.

Zulayho alifundisha kemia hapo Bukhara mpaka alipostaafu. Mumewe alikwisha kufa, na wanawe walifanya kazi viwandani Korea, wakipiga simu wakiwa na haraka. Kilichombakia ni karamu za mtaa, ambako wanawake walimwekea nafasi upande wa juu wa kitambaa cha chakula, wanapokaa wenye heshima. Na alikuwa na Mavjuda.

Mavjuda aliosha maiti wa kike wa mtaa mzima, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Akifa mtu walimwita mbio na kumlilia begani, wakampa nguo za marehemu kuwa ada yake, kisha wakamfungulia mlango atoke. Chai hakupewa, maana kikombe alichonywea yeye hakikurudishwa kabatini. Siku alipomwosha dada yake Zulayho, mwalimu alimmiminia chai katika bakuli lake mwenyewe. Mavjuda alilishika bila kunywa.

“Hili utalivunja nikiondoka?”

“Nivunje chombo kizima kwa nini? Kunywa, inapoa.”

Tangu hapo alikuja kila alasiri. Walibangua lozi na kuwateta mashujaa wa tamthilia za Kituruki, ambao kwa maoni ya Mavjuda walilia kuliko wafiwa wa kweli.

Sasa Bi Sanobar, kiongozi wa wanawake wa mtaa, akaja kuzungumza. Alieleza kwa upole kwamba Mavjuda hana ubaya. Ila mikono iliyogusa maiti ikishika vyombo vya mwalimu, na mwalimu naye akipakata kichanga, matokeo ndiyo hayo. Zulayho akamjibu kwamba daktari amekuta sikio la mtoto lina usaha. Sanobar akasema madaktari hawajui yote.

“Chagua, Mwalimu. Ama yeye kwako, ama wewe kwetu.”

“Mama yako alipofariki, nani alimwosha?”

“Yeye. Na haki yake tulimpa.”

Mavjuda alipopata habari aliacha kuja. Zulayho akamfuata kwake, akamkuta akikanda unga, hataki hata kuinua macho.

“Mimi nimezoea, Mwalimu. Wewe ukikosa karamu zile utakaa na nani? Na ukuta?”

“Nitakaa na wewe, mjinga wee. Huo unga wa nini?”

“Mkate.”

“Basi ukiiva ulete. Na kesho usijifiche.”

Kesho yake ilikuwa harusi ya mwana wa Sanobar, na njia ya wageni ilipita mlangoni kwa mwalimu. Zulayho alitoa meza fupi nje, akatandika kitambaa, akamkalisha Mavjuda kando yake. Mtaani pale mkate ukinyooshewa hukatai. Hata mwenye haraka humega, hula, hushukuru. Kukataa mkate ni dhambi inayoogopwa hata na walevi.

“Nyoosha wewe,” Zulayho alisema. Mavjuda akaunyoosha.

Wanawake wa mbele walikumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani, wakarudi. Mama wa yule mtoto aliyeugua alisimama, akatazama huku na huku, akamega kipande kidogo, akala, akashukuru kwa sauti ambayo ni wao wawili tu walioisikia. Kisha Sanobar mwenyewe akatoka kuwatafuta wageni wake. Mavjuda akamnyooshea.

“Nimeshiba,” alisema Sanobar.

Bibi wawili waliokuwa nyuma yake wakaomba msamaha wa Mungu kwa niaba yake. Hata hivyo waliingia naye karamuni; pilau ilikuwa inanukia. Kwenye nafasi ya mwalimu akakalishwa mtu mwingine.

Mchana mke wa mwana mkubwa wa Sanobar akaja na sahani ya pilau, kama ilivyo desturi kwa jirani asiyehudhuria. Alikuwa na aibu usoni.

“Mama amesema ni yako, Mwalimu.”

Zulayho aliitazama. Ilikuwa sahani moja, yenye nyama ya mtu mmoja.

“Irudishe, mwanangu,” alisema. “Mwambie hapa tuko wawili.”